Mlinzi wa Uwanja Usiokuwapo

Hakuwahi kukatiza uwanja katikati. Uwe uwanja wa mpira wa shule, ua wa parokia au kiwanja cha soko siku isiyokuwa ya soko, yeye alifuata ukingo mpaka mahali alipopataka, akasimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama juu. Hapo kwenye juu ndipo sisi watoto tulipoangua kicheko. Akiona mbingu ni tupu, alishika kofia yake na kuvuka mbio, mzee mzima, magoti yakigongana.

"Papa, unaangaliaka nini kule juu?"

"Ile yenye haiangaliake chini," alitujibu, wala hakucheka.

Tulimwita Papa Pleni. Pleni, kwetu Masisi, ni uwanja wa ndege, na yeye alisema kwamba zamani, miaka ile ya arobaini na hamsini, alikuwa mlinzi wa pleni nyuma ya kilima chetu. Nyuma ya kilima chetu kulikuwa na maharage. Maharage, viazi, ng'ombe, na mbele zaidi maharage tena. Mtu akisimama pale akasema anaona ndege, ujue ameona kunguru.

Ukoo wake na mahali alipozaliwa wataeleza wenye kujua mambo ya koo. Mimi nitaeleza niliyoyaona, aliyoniambia, na mahali nilipokosea. Nilikosea pakubwa, tena kwa maandishi yaliyogongwa muhuri wa chuo kikuu.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa maswali. Nilimwuliza katekista ni nani aliyeandika maneno ya Adamu wakati hapakuwa na mwingine wa kumsikia, nikatolewa nje. Nilimwuliza baba yangu kwa nini ardhi ile nyuma ya kilima ni tambarare, katika nchi ambayo ukiangusha kiazi mlangoni unakiokota kwa jirani wa chini. Baba akasema Mungu aliiumba hivyo. Basi nikaenda kumwuliza Papa Pleni, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na jibu lingine, na kwa sababu mke wake alitengeneza jibini tamu kuliko zote.

"Nani alisawazisha pale, Papa?"

"Bantu na majembe. Walikata mugongo wa kilima, wakajaza shimo. Halafu mvua ikanyesha, udongo ikakuwa laini kama bugali. Muzungu wa kampuni ya migodi akasema, iko lazima mashini ya kukandamiza. Mashini iko Bukavu, barabara ya kuileta haiko. Sasa kapita wetu, mukubwa wa wafanyakazi, akamwambia: 'Bwana, mashini hapana. Lakini ng'ombe tuko nazo.'"

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe mingi, za hii milima yote. Tulizipitisha kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, asubuhi na mangaribi, mpaka jua kali ikakuya. Kwato njo ilikandamiza pleni. Muzungu akakuya kupima, akachoma fimbo yake chini, fimbo ikavunjika."

"Basi kazi ikaisha."

"Ikaisha? Njo ilianza! Ng'ombe ikishazoea njia, utaiambia nini? Kila asubuhi zilirudia zenyewe, bila muchungaji. Zilisema, hii kitu iko yetu, tuliitengeneza na miguu yetu. Njo ile siku kampuni ilinipatia kazi: fukuza ng'ombe mu pleni."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Kwa hiyo wewe uliajiriwa kuwazuia wajenzi wasiingie katika kitu walichokijenga?"

Akanigeukia. "Weye unasoma. Haujaona vile hata siku moja mu hii inchi?"

Ndivyo alivyokuwa. Ulimjia na kicheko, ukaondoka na swali.

Kila asubuhi kabla ya kugusa uji wake alitazama moshi. Zamani, alisema, alichoma majani mabichi pembeni mwa pleni ili rubani aone upepo unatoka wapi. Pleni ilikwisha, lakini mazoea hayakwisha, naye sasa alisoma moshi wa jiko la mke wake. Ukipanda wima, alitikisa kichwa kwa furaha: "Leo inaweza kushuka." Ukilala upande wa msitu, alinuna: "Leo hapana. Irudie kwao." Mke wake, mwanamke mfupi mwenye mikono ya chuma na ulimi wa wembe, alikuwa amesikia hayo maisha yake yote ya ndoa.

"Siku ile itashuka," alisema, "ishukie mu shamba yako. Mu yangu nimepanda vitunguu."

"Weye mwanamuke, ungeiona ungekimbia."

"Ningeiona ningepanda mu ndani, nikuache hapa na moshi yako."

Na angepanda kweli! Mume wake hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Nilipomwuliza sababu, alijikuna shavu. Huyu mtu aliyezipokea ndege mwaka baada ya mwaka alikuwa anaogopa kuwa juu. Hakuweza kupanda ngazi. Bati la nyumba yao lilipong'olewa na upepo, mke wake ndiye aliyepanda na nyundo, na Papa Pleni alibaki chini ameshika ngazi kwa mikono miwili, amefumba macho, akisema, "Shuka polepole, Mama, upepo iko ya pembeni."

Alikuwa na misemo yake pia, na yote ilitoka pleni. "Ndeke haiendake kinyuma," aliwaambia vijana waliotaka kuvunja uchumba. "Ikisha gusa chini, njo imegusa." Na mtu aliyekuwa na haraka ya kugombana alimwambia, "Zunguka kwanza. Zunguka mara tatu." Huo wa kuzunguka ulikuwa na kisa chake, na kisa hicho alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisimulia kwa pumzi moja.

Siku ya ndege ya kwanza watu walijipanga pande zote mbili tangu alfajiri, na wengine walikuwa wametembea kutoka Lushebere na Karuba. Mlio ukasikika, halafu kitu chenyewe kikatokea juu ya mlima, kidogo, kinameremeta. Wakati huohuo fahali mmoja, mkubwa, mweusi, akaingia pleni na kusimama katikati kama mwenye nyumba anayengojea wageni. Papa Pleni, kijana wakati huo, akamkimbilia na fimbo. Fahali hakusogea. Ndege ikashuka, ikamwona, ikapanda tena kwa kelele iliyowalaza watu kifudifudi. Ikazunguka, ikarudi, na fahali bado yupo. Ikazunguka tena. Ndipo kijana akavua shati, akamrukia fahali shingoni, akamfunga macho kwa shati lile na kumvuta kwa pembe, huku akimwimbia wimbo wa kukamulia. Mara ya tatu ndege ikagusa chini. Rubani akatoka, akatembea mpaka kwa yule kijana aliye kifua wazi, akapiga mkono kichwani kama askari anavyomsalimu mkubwa wake.

"Mimi!" alisema Papa Pleni, na kila aliposema neno hilo sauti yake ilipanda kama ya mvulana. "Alisalimia mimi, mbele ya bote. Hakusalimia kapita. Hakusalimia muzungu wa kampuni. Mimi na fahali."

Sasa mabisi, yaani mabasi. Mabisi ndiyo yaliyonifanya nianze kumtilia shaka kabisa, maana yalikuwa mazuri mno. Kampuni ilihitaji gari la kuchukua watu na barua kutoka pleni kuteremka Walikale, kwenye misitu na migodi, na ilipopatikana barabara ilinunua mabisi mawili makuukuu yaliyokuwa yakizunguka mjini Bukavu, yakiteremsha watu kila kona. Yaliletwa jinsi yalivyokuwa. Viti vya mji, kamba ya kengele ya mji juu ya dirisha, na mbele, juu ya kioo, kibao kilichoandikwa kwa Kifaransa kwamba bisi linakwenda sokoni. Hakuna aliyejisumbua kukitoa.

Sasa katika kijiji kimoja kule msituni, mama mmoja akamwuliza katekista bisi lile linakwenda wapi. Katekista akasoma vizuri kabisa: linakwenda sokoni. Mama akapakia ndizi zake zote akapanda. Alikaa ndani siku mbili. Alipoteremka alijikuta kwenye uwanja mtupu mlimani, baridi inamkata, na mbele yake Papa Pleni na ng'ombe wake.

"Soko iko wapi?" akauliza.

"Mama, hapa iko pleni."

"Kibao imesema soko. Mimi sirudishe ndizi."

Wakatazamana. Ndege ilikuwa inapasha moto injini. Papa Pleni akamshika mkono, wakafuata ukingo mpaka kwa rubani, na yule mama akabadilishana mkungu baada ya mkungu kwa chumvi, mpaka ndege ikajaa ndizi na yeye akarudi Walikale na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Kuanzia siku hiyo, alisema Papa Pleni, watu wa Walikale waliteremka pale kila wiki na mizigo, na mahali pale pakawa soko kweli. "Kibao haikudanganya," alisema. "Ilitangulia tu."

Na siku mbili zile njiani, je? Kamba ya kengele! Ilikuwa amri ya mjini kwamba abiria akivuta kamba, dereva anasimama. Watu wa msitu walipoielewa amri hiyo, waliivuta kila walipopita nyumba ya shemeji. Bisi likasimama, wakateremka wote, wakasalimiana, wakaletewa chakula, wakapanda tena. Dereva alivumilia mwaka mmoja, kisha akaikata kamba, akaing'oa na kengele yenyewe, akamtupia Papa Pleni: "Kamata. Itie kwa ng'ombe." Kengele hiyo niliiona. Ilining'inia jikoni mwao, ya shaba, ndogo kama ngumi ya mtoto, na mke wake aliitumia kumwita mumewe kula.

Niliishika, nikaigeuza. Haikuwa na maandishi yoyote. Inaweza kuwa ya shule. Inaweza kuwa ya misheni. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, nami nilijivunia kufikiri hivyo.

Ndege ziliacha kuja mwishoni mwa miaka ya hamsini, alisema. Kampuni iliondoka, mabisi yakaozea njiani, na watu wakaingia pleni na majembe. Pembeni mwa pleni kulikuwa na mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, mstari huku na mstari kule, ili rubani aone. Watu waliyabeba wakajengea misingi ya nyumba na mafiga.

"Moja iko mu jiko ya mama yako," aliniambia. "Geuza, utaona."

Niligeuza. Chini yake kulikuwa na weupe. Lakini jiko lina majivu, na majivu ni meupe. Nikalirudisha jiwe, mama akanikemea kwa kumwaga maharage, na habari ikaishia hapo.

Kitu kimoja hakuna aliyekitilia shaka juu ya mzee huyu: alichukia uongo. Alimrudishia jirani jibini aliyopewa kwa kupimiwa vibaya, kwa sababu ilizidi. Ukimwuliza kama amelala vizuri na hakulala, alikueleza kila alichokiwaza. Ndiyo maana watu walimvumilia na pleni yake. Walicheka, lakini walimwita jina lile, na alipopita waliuliza, "Papa Pleni, leo itashuka?" naye akawajibu kwa makini, na nilikuwa naona mgongo wake ukinyooka.

Nikaenda chuo kikuu. Nikasoma historia, na kazi yangu ya mwisho, ile tunayoiita TFC, ikawa juu ya barabara na usafiri wa milima yetu zamani za wakoloni. Nilitafuta pleni kwenye ramani nilizozipata: hapana. Nikatafuta kwenye barua na ripoti nilizoruhusiwa kufungua: hapana. Hapo ningeweza kuandika, "sikuona." Badala yake niliandika kwamba habari za uwanja wa ndege ni simulizi tu, na kwamba chanzo chake ni mzee mmoja mwenye ndoto nyingi. Sikutaja jina. Nani alihitaji jina?

Siku ya sherehe yangu ya kumaliza chuo, baba mdogo, ambaye ni mwalimu, alisimama uani mbele ya watu wote na kitabu changu mkononi. Alikuwa na fahari mpaka jasho linamtoka. Alifungua popote pale, akasoma ukurasa, akautafsiri kutoka Kifaransa sentensi kwa sentensi. Ukurasa aliouangukia ulikuwa ule.

Watu walicheka kwanza. Halafu mtu akasema, "Bon, univer imesema, chuo kikuu!" na mwingine akasema, "Papa Ndoto!" na jina hilo likashika hapohapo, kama moto kwenye majani makavu. Papa Pleni mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, na miguuni pake jibini aliyoniletea zawadi. Akainuka. Akavaa kofia. Na mbele ya macho yangu akakatiza ua katikati, moja kwa moja, polepole, bila kutazama kushoto wala kulia. Bila kutazama juu.

Hakuna aliyeliona hilo ila mimi na mke wake. Yule mama alinipita karibu na kusema kwa sauti ndogo, "Umemushusha, binti yangu. Sasa nani atamupandisha?"

Tangu siku ile alitembea kama watu wote. Moshi hakuutazama tena. Mtu akimwuliza kama leo itashuka, alijibu, "Sijue." Nilienda kumwomba msamaha na kumwambia kwamba nikipata ushahidi nitaandika upya. Alinikaribisha vizuri, akanipa maziwa. "Weye uliandika yenye uliona," alisema. "Hakuna mbaya." Lilikuwa neno la upole, na lilinichoma kuliko tusi. Kwa nini hakubisha? Kwa nini mtu asiyesema uongo asisimame na kusema, "Njooni niwaonyeshe"?

Miaka miwili nilifundisha Masisi katikati, mjini, na swali hilo halikuniacha. Kisha asubuhi moja ya kiangazi nikapanda pikipiki kurudi nyumbani, na dereva akachukua barabara ya juu kwa sababu ya chini ilikuwa imeporomoka. Juu kule mikaratusi yote ilikuwa imekatwa kwa ajili ya makaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliweza kuiona ile ardhi tambarare yote kutoka juu. Ukungu ulikuwa unainuka.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simama, kaka, simama!"

"Umesahau kitu?"

"Makaburi! Angalia makaburi!"

Lazima nieleze. Kwetu kuna mmea wa majani marefu, membamba kama mikuki, ambao ukikata tawi na kulichoma ardhini unashika na hauchoki kuishi. Tunaupanda mahali pawili tu: kwenye mpaka wa shamba na juu ya kaburi. Katikati ya mashamba ya ardhi ile tambarare kulikuwa na mimea hiyo, mmoja hapa, mmoja pale, na kwa sababu haikuwa kwenye mpaka wa shamba la mtu yeyote, kila mmoja wetu alijua ni makaburi ya watu wa zamani. Jembe likifika hapo lilizunguka. Mtoto aliyechuma jani alichapwa. Nimepita kati ya makaburi hayo maelfu ya mara, nikishusha sauti.

Kutoka juu yalikuwa mistari miwili. Miwili, iliyonyooka kama kamba iliyovutwa, sambamba, kutoka mwisho mmoja wa tambarare mpaka mwingine.

"Kaka," nikamwuliza dereva, "nani anazikaka watu kwa mustari?"

"Wanajeshi?" alisema, bila uhakika.

Nilishuka ule mteremko nikikimbia na viatu vya mwalimu. Nikaazima kamba ya ng'ombe. Nikapima: kutoka mmea mpaka mmea, hatua arobaini. Tena arobaini. Tena arobaini! Mahali fulani hatua arobaini zilinifikisha penye maharage matupu, nikaendelea, na kwenye themanini mmea ukanisubiri. Mmoja alikuwa amekufa, basi! Nikapima mstari wa pili. Nilikuwa nacheka peke yangu shambani, na wanawake waliokuwa wanapalilia walijishika viuno kunitazama. "Masomo imemuharibu," mmoja alisema.

Nikaenda kwa Papa Pleni moja kwa moja na matope mpaka magotini. Alikuwa kitandani. Sikujua kwamba alikuwa mgonjwa kiasi kile. Mashavu yalikuwa yamezama, na mke wake alikuwa amekaa karibu naye akimpepea.

"Papa. Si makaburi."

Alifungua macho. Uso wake wote ukaanza kubadilika, kuanzia kwenye pua.

"Ulipima?"

"Arobaini, arobaini."

"Na ile yenye ilikufa?"

"Themanini."

Akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu asiye na pumzi, na mke wake akasema, "Pleni, utakufa sasa hivi, acha."

Alinieleza kwa vipande. Watu walipoanza kuyabeba mawe, hakuwa na nguvu ya kuwazuia, maana kampuni ilikuwa imekwenda na yeye hakuwa mlinzi wa mtu tena. Kila jiwe lilipoondoka, kesho yake alichoma kijiti mahali pake. Majira mawili au matatu baadaye watu waliiona mimea na kuulizana wao kwa wao ni ya nini, na wao kwa wao wakajibiana: makaburi.

"Nawe ukawaacha."

"Hawakuniuliza mimi."

"Papa! Ni uongo."

"Njo iko uongo yangu moja," alisema. "Ya kunyamaza. Ningesema iko mpaka ya pleni, wangezing'oa siku ileile. Pleni ya nani? Udongo iko muzuri pale. Lakini kaburi, nani atagusa kaburi?"

Ndipo nikaelewa. Ushahidi wake ulikuwa hai kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba ni ushahidi. Siku ile uani, wakati baba mdogo anasoma na watu wanacheka, sentensi moja ingemwokoa. Angesema, "Nendeni mpime makaburi yenu." Aliimeza sentensi hiyo, akaliacha jina lake, akaibakiza pleni.

"Na sasa?" nilimwuliza. "Nikisema, watang'oa."

Alimtazama mke wake. Mke wake alitazama jiko.

"Mimi ninaenda," alisema Papa Pleni. "Sitakuwa mulinzi tena. Sema. Wazing'oe, lakini kwanza wazione."

Jumapili baada ya misa nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza yote: arobaini, themanini, mawe, vijiti. Nikasema, "Niliandika uongo na mukausomewa, na uongo huo ni wangu, si wake." Baba mdogo alishika kichwa. Alipandisha kikundi cha kwanza barabara ya juu yeye mwenyewe, akiwasukuma kama wanafunzi, na tukasikia kelele zao kutoka kule: "Eeeh! Iko kweli! Iko mustari!" Kisha kikundi cha pili. Kisha watu wote wakateremkia kwenye tambarare kwa pamoja, na watoto na mbuzi, wakasimama katikati ya mashamba wakionyeshana, kila mtu akidai kwamba yeye siku zote alikuwa na mashaka na makaburi yale. Mama yangu alikuja amebeba figa lake limefungwa kwenye kitenge, chokaa juu, kama mtoto wa kubatizwa.

Vijana wanne walimleta Papa Pleni kwenye kipoyi, machela ya miti. Walikuwa wanakuja haraka na walitaka kukatiza. Fimbo ikatoka ndani ya blanketi na kumpiga wa mbele begani.

"Pembeni! Pitia pembeni!"

Wakacheka, wakafuata ukingo, mmea kwa mmea, mpaka mwisho wa mstari, na hapo wakamtua. Mke wake alikuwa nyuma yake. Mzee alijiinua kwenye kiwiko. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha, polepole, kwa shingo ile nyembamba, akatazama juu, na sauti iliyomtoka sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto.

"Toeni ng'ombe mu pleni!"

Kulikuwa na ng'ombe watatu tu. Lakini mke wake alitoa kengele ya shaba kwenye kitenge chake na kuipiga, akitembea ndani ya mstari, akipiga na kupiga, huyu mwanamke aliyemcheka maisha yake yote. "Mumesikia! Tokeni! Na weye Mwalimu, toka!" Baba mdogo akatoka mbio. Watu wakaanza kurudi nyuma, kwanza wakicheka, halafu hawacheki tena, wanasukumana, wanavuta watoto, mpaka wote wakawa nje ya mimea, huku na kule, na katikati uwanja ukabaki wazi.

Isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesimama palepale na kamba yangu ya kupimia, natazama.

"Univer!" aliita Papa Pleni. "Weye pia uko mu njia!"

Mbinguni hapakuwa na kitu. Nilihakikisha. Na bado nilikimbia, mimi niliyeandika kwamba pale hapajawahi kuwa na uwanja. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, nikapisha.